Chuo Kilichosema Kweli

Wahenga walinena kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakutuahidi kwamba atakuwa pia mpenzi wa wakubwa. Mwenye kutaka ushahidi wa jambo hili na aitazame historia ya chuo kikuu kimoja mjini San Salvador, makao makuu ya El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati.

Chuo hicho kiliasisiwa na mapadri wa Kijesuiti mwaka 1965. Kilipewa jina la José Simeón Cañas, padri aliyesimama bungeni mwaka 1823 kudai kwamba watumwa wa Amerika ya Kati waachwe huru. Jina lilikuwa tukufu, lakini nia ya baadhi ya waliokiunga mkono haikulingana nalo. Familia zenye uwezo zilihofu kwamba chuo kikuu cha taifa kimeelemea mrengo wa kushoto, zikataka pawepo mahali pengine pa kuwasomesha watoto wao.

Ndugu wasomaji, kilichotokea sicho kilichotarajiwa. Ardhi njema ya nchi ile, yenye kahawa, pamba na miwa, ilikuwa mikononi mwa koo chache, ilhali wakulima wengi hawakuwa na kipande cha kupanda mahindi. Walimu wakajiuliza: elimu hii ni ya nani? Wakaamua kwamba hali halisi ya taifa lao ndiyo iwe somo la kwanza, na kwamba chuo kipimwe kwa faida inayowafikia wanyonge ambao hawatakanyaga kamwe mlangoni pake.

Mtihani haukukawia. Mwaka 1976 serikali ilitangaza mpango wa kugawa upya ardhi, na chuo kikauunga mkono kwa utafiti na maandishi. Makabaila walipokuja juu, serikali ikarudi nyuma. Jarida la chuo likaandika bila kificho kwamba dola imewapigia magoti wenye mali. Malipo yake yakawa mabomu katika majengo ya chuo, na ruzuku ya serikali ikakatwa.

Hata hivyo hawakunyamaza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1980 hadi 1992 viliua watu wapatao 75,000. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1985, Padri Segundo Montes alianzista taasisi ya haki za binadamu. Mwaka uliofuata Padri Ignacio Martín-Baró, mwanasaikolojia, akaanzisha nyingine ya kukusanya maoni ya wananchi. Mkuu wa chuo, Padri Ignacio Ellacuría, alizihimiza pande zote mbili ziache bunduki na kuzungumza.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba, 1989, askari wa kikosi cha Atlacatl, kilichopata mafunzo ya Marekani, waliingia chuoni na kuwaua mapadri sita, Ellacuría, Montes na Martín-Baró wakiwa miongoni mwao. Waliwaua pia mpishi Elba Ramos na binti yake Celina, waliokuwa wamelala pale wakitafuta usalama, ili pasibaki shahidi. Kisha wakaacha bango la kuwasingizia wapiganaji wa msituni.

Uongo huo haukudumu. Mwaka 1993 tume ya Umoja wa Mataifa ilibainisha kwamba amri ilitoka kwa wakubwa wa jeshi. Sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka huo huo ikawakinga wahusika, hadi ilipobatilishwa mwaka 2016. Septemba 2020 mahakama ya Hispania, nchi walikozaliwa mapadri watano kati ya wale sita, ilimhukumu kanali mstaafu Inocente Orlando Montano kifungo cha miaka 133.

Pale ilipomwagika damu, mumewe Elba, aliyekuwa mtunza bustani, alipanda mawaridi. Chuo nacho kiliendelea kufundisha.

Somo hili linawahusu watendaji wa serikali popote walipo. Mtaalamu akileta takwimu za njaa, za ardhi au za dhuluma, si adui wa dola. Huenda ndiye rafiki wa mwisho aliyebaki kuisemesha kweli. Avunjaye kioo hajabadili sura yake. Nasi wananchi tunaosomesha watoto kwa jasho letu, tusiwaulize tu wamepata cheti gani. Tuwaulize pia elimu waliyoipata wataitumia kumtetea nani.