Anayeishi Ndani ya Mgomba Ulionyauka

Leo tuzungumze juu ya kiumbe hai usiyeweza kumwona kwa macho, lakini kazi yake unaiona kibanjani. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, na ukizikata ndani ni za kahawia. Ndio mnyauko wa migomba. Nchini Uganda ulionekana mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukawa umeingia Kagera.

Usiseme ardhi imechoka. Anayefanya hivyo ni bakteria, naye ni hai kama mbuzi wako na kama mgomba wenyewe: anakula, anavuta hewa, anakua, anazaa, anakufa. Hata mwili wake umejengwa kwa vitu vile vile, yaani maji kwa wingi, kisha kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni. Ila yeye mwili wake ni chembe hai moja tu, na kuzaa kwake ni kujigawa. Mmoja wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Hesabu mwenyewe: wakijigawa mara 20 tu, wamepita milioni moja.

Chakula chake ni nini? Mgomba hutengeneza sukari majanini kwa hewa, maji na mwanga wa jua. Bakteria huila sukari hiyo, na nyingine huigeuza kuwa ute mzito unaoziba mishipa ya kupandishia maji. Ndiyo maana mgomba unanyauka huku mvua inanyesha! Kata shina, ngoja kidogo, utaona ute wa manjano unachuruzika.

Sasa basi, kwa kuwa ni hai, anauawa. Umeona yai likichemshwa? Ute wake unaganda, wala haurudi kuwa maji tena. Ile ni protini imeharibiwa na joto. Bakteria naye ana protini, na bila hiyo hawezi kuishi. Kwa hiyo panga likitoka kwenye mgomba mmoja, lichome motoni mpaka lipate moto sawasawa kabla hujagusa mwingine. Au litumbukize kwenye Jik, sehemu moja kwa sehemu tano za maji. Panga la kuazima ndilo baya zaidi. Jirani hatakuambia lilikata nini jana.

Hana miguu, lakini nyuki na wadudu wengine humbeba kwenye ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Chana la mwisho likishatoka, livunje ua hilo kwa mti wenye panda, si kwa panga.

Shina likiugua, likate usawa wa ardhi mara moja, na majani yake usimpelekee ng'ombe wala usiyatoe nje ya kibanja. Endelea kukagua machipukizi yaliyobaki. Udongoni bila mgomba bakteria huyu hadumu sana. Palipong'olewa shina zima, ngoja miezi 6 ndipo upande tena mgomba; kwa sasa weka maharage hapo.