Malisho ya Mlimani na Majani ya Ghalani: Habari za Bonde la Lötschental

Lötschental ni bonde la milima ya Alpi, katika jimbo la Valais, kusini ya nchi ya Uswisi. Urefu wake ni yapata kilometa 27. Katikati yake unapita mto Lonza, ambao hutoka katika barafu ya Langgletscher na kushuka mpaka kuingia mto Rhône. Vijiji vyake vinne, Ferden, Kippel, Wiler na Blatten, vilijengwa kwenye kimo cha kati ya meta 1,370 na 1,540 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande wa kusini umesimama mlima Bietschhorn wenye meta 3,934. Kabla ya reli ya Lötschberg kufunguliwa mwaka 1913, njia ya kuingia bondeni ilikuwa korongo jembamba, ambalo wakati wa baridi lilizibwa mara kwa mara na maporomoko ya theluji. Kwa hiyo watu walikula walichokilima na kukifuga wenyewe.

Mkulima wa Arusha mjini anakaa kwenye kimo kama hicho cha Kippel, naye hupanda migomba na kahawa. Tofauti ni kwamba Lötschental iko mbali na ikweta, kwenye nyuzi 46 kaskazini. Huko theluji hufunika ardhi miezi mingi, na majani hayaoti kabisa. Jambo hili moja ndilo linaloamuru ufugaji wote wa bonde.

Bonde lina upande wa jua na upande wa kivuli. Upande wa kaskazini ya mto unaelekea jua, na huko ndiko walikojenga nyumba, wakalima mashamba na kupata malisho yaliyo bora. Upande wa pili una misitu ya misonobari na mawe mengi. Misitu iliyo juu ya vijiji hailiwi na shoka ovyo, maana miti ndiyo inayoishika theluji isiporomoke juu ya nyumba. Tangu sheria ya misitu ya mwaka 1876, serikali ya Uswisi inaisimamia misitu ya milimani kwa ukali.

Sasa tutazame mwendo wa ng'ombe. Kwa kila meta 100 mtu anazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Majani ya chini huchipua mapema, ya katikati huchelewa, na ya juu kabisa huchelewa zaidi. Mfugaji huifuata hali hiyo. Mwezi wa Mei ng'ombe hutoka zizini na kula karibu na kijiji kwa siku chache. Halafu hupelekwa malisho ya kati. Na mwezi wa Juni unapoelekea kwisha hupanda malisho ya juu, yapata meta 2,000 na zaidi, kama vile Faldumalp, Restialp, Kummenalp na Fafleralp iliyo chini kidogo. Hukaa huko hata mwezi wa Septemba. Faida yake ni kwamba kila anapofika mnyama hukuta majani machanga, na majani machanga yana chakula kingi cha kutia maziwa kuliko majani yaliyokomaa na kuwa magumu.

Desturi ya zamani ya Lötschental ilikuwa kila nyumba kuwa na kibanda chake huko juu. Wanawake na watoto ndio waliokwenda kukaa na ng'ombe, kukamua na kutengeneza jibini. Wanaume walibaki chini.

Wengine watadhani kwamba walibaki kupumzika. La, kazi ya chini ndiyo nzito. Wakati ng'ombe wako mlimani, makonde ya majani bondeni hayaliwi hata kidogo. Hukatwa, hugeuzwa juani yakauke, na kuwekwa ghalani. Ukataji wa kwanza huanguka Juni au Julai, wa pili Agosti au Septemba. Mvua ikinyesha majani yakiwa yamelala chini, huoza au hupoteza nguvu. Kwa hiyo siku tatu nne za jua hufanyiwa kazi na nyumba nzima, mchana kutwa, na mizigo hubebwa mgongoni kwenye miteremko.

Hesabu yake ni rahisi. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 500 hula yapata kilo 12 za majani makavu kwa siku. Akikaa zizini siku 200, atahitaji kilo 2,400. Hivyo mwenye ng'ombe watatu hana budi kuwa na zaidi ya tani saba ghalani kabla theluji haijaanguka, bila kuhesabu ndama wala kondoo.

Makonde yenyewe ni madogo na yametawanyika, kwa sababu ya kugawanywa katika urithi. Huu kwa kawaida tunauita ubaya. Lakini wakulima wa Valais walipata njia ya kuutumia. Walijenga ghala ndogo ndogo hapo hapo kwenye makonde, zenye zizi chini na majani juu. Wakati wa baridi mfugaji aliwahamisha ng'ombe kutoka ghala hadi ghala wakamalize majani ya kila mahali. Akapunguza kubeba majani, na samadi nayo akaikuta karibu na konde linaloihitaji. Kwa maoni yangu hii ni akili bora kupita mashine nyingi.

Zamani walilima pia rai, nafaka iliyo ndugu ya ngano, pamoja na shayiri na viazi. Mashamba yalikuwa ya mteremko mkali, na udongo hushuka kila mwaka. Katika mabonde mengi ya Alpi wakulima waliujaza katika vikapu kila mwanzo wa msimu na kuupandisha tena mgongoni mpaka kichwa cha shamba. Kilimo hicho cha nafaka kimepungua sana baada ya chakula cha kununua kufika kwa reli na barabara.

Yapo malisho yasiyo ya mtu mmoja, nayo yangeweza kuharibika upesi kama kila mtu angepeleka ng'ombe apendavyo. Dawa yake inaonekana vizuri katika kijiji cha Törbel, ambacho kiko katika jimbo hilo hilo la Valais, bonde la Vispa. Mwaka 1483 wanakijiji waliandika mapatano ya kusimamia malisho ya juu na misitu yao, na mgeni aliyenunua ardhi kijijini hakupata kwa hiyo haki katika malisho ya wote. Mwaka 1517 wakaweka amri kwamba mtu asipeleke mlimani ng'ombe wengi kuliko awezao kuwalisha wakati wa baridi. Mvunja amri alitozwa faini, na msimamizi aliyeikamata alijiwekea nusu ya faini hiyo. Basi hakuwa mvivu wa kuhesabu. Habari za Törbel ziliandikwa na mtaalamu wa Kimarekani Robert Netting katika kitabu cha mwaka 1981. Baadaye Elinor Ostrom alizitumia katika kitabu chake cha mwaka 1990, naye akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009.

Uzuri wa amri hiyo ni kwamba haipimi malisho wakati yamejaa. Mtu akitazama mlima mwezi wa Julai ataona majani yanatosha ng'ombe mia moja. Lakini idadi inakatwa na ghala, na ghala inakatwa na konde la chini. Tena ni rahisi kukagua: hakuna haja ya kupima mlima, kinachotazamwa ni zizi la jirani.

Huko Lötschental konde la chini limepata msiba. Mwezi wa Mei 2025 mawe yalianza kuanguka kutoka mlima Kleines Nesthorn juu ya barafu ya Birch, iliyoko juu ya kijiji cha Blatten, upande wa kivuli. Wakazi wapatao 300 waliondolewa pamoja na mifugo yao; ng'ombe mmoja aliyeumia alibebwa kwa helikopta. Tarehe 28 Mei barafu na mawe vilishuka pamoja, mamilioni ya meta za ujazo, vikafunika sehemu kubwa ya kijiji na ardhi ya kando ya mto. Lonza ikazibwa, na maji yakazamisha nyumba nyingi kati ya zilizosalia. Mtu mmoja alikufa. Njia ya Fafleralp nayo ilikatika.

Malisho ya juu upande wa jua hayakufunikwa. Ila ng'ombe wa Blatten, kama ng'ombe wote wa bonde, alipimwa kwa majani ya baridi, na mwenye konde lililolala chini ya mawe amebaki kutafuta mahali pa kukata tani mbili na nusu kwa kila mnyama kabla ya kurudisha kundi lake lote.