Mchezo wa picha kwa aliyeumia ubongo

Aghalabu mtu aliyeumia kichwa katika ajali ya bodaboda hutoka hospitalini akitembea na kuzungumza vizuri, na jamaa zake hudhani mambo yamekwisha. Wiki chache baadaye malalamiko huanza. Haogi asipoambiwa. Hushinda ameketi sebuleni kutwa. Ukimtuma dukani hurudi mikono mitupu. Wengine humwita mvivu, na wengine humpeleka kwa mganga.

Msomaji, huo si uvivu. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo humwezesha mtu kuanza jambo, kulipanga na kulimaliza. Huumia kwa urahisi kwa sababu kichwa kinapogongwa ubongo husukwasukwa ndani ya fuvu na kujigonga kwenye mfupa.

Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki, lakini zilizosalia zaweza kujenga njia mpya za mawasiliano. Njia hizo hujengwa kwa mazoezi yanayorudiwa mara nyingi, nayo huchosha, ndiyo maana wagonjwa wengi huyaacha. Hapa ndipo simu yenye kamera inapofaa. Mwache mgonjwa apige picha ya kitu anachokipenda, hata kama ni kuku wa jirani, kisha aichezee: aipunguze pembeni, aibadili rangi, aiunganishe na nyingine. Kuchagua picha moja kati ya tano ni kufanya uamuzi. Kutafuta mahali pa kubadilishia rangi ni zoezi la kumbukumbu. Na akikosea, hubonyeza mara moja tu picha ikarudi ilivyokuwa.

Nilimhudumia fundi cherehani aliyekuwa akiogopa kugusa kitambaa baada ya ajali, kwa kuwa mkasi ukishakata umekata. Kwenye simu alithubutu. Alipiga picha vitenge vyake akawa anavipanga upya. Mkewe ndiye aliyetambua kwamba kila picha aliyoipanga ilikuwa tupu upande wa kushoto. Macho yake yalikuwa mazima. Ni upande wa kulia wa ubongo ulioumia, na mtu wa namna hiyo huweza kusahau kabisa kwamba kuna kushoto. Hebu fikiria anavuka barabara! Tulibandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa simu, akawa anaanza kutazama kutoka hapo.

Hata hivyo, usimkabidhi mgonjwa simu siku ile ile ya ajali. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021, uliohusisha vijana 125 waliopata mtikisiko wa ubongo, ulionyesha kuwa walioepuka skrini kwa saa 48 za kwanza walipata nafuu mapema kuliko walioruhusiwa kuzitumia. Baadaye, anza na dakika 10, skrini ikiwa imefifizwa mwanga. Kichwa kikimuuma, asimamishe. Picha zinazometameta hazimfai mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Picha za ajali yenyewe ziondoe kabisa.

Jambo jingine ambalo familia husahau: aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo huweza kutenda kabla ya kufikiri. Simu ya kuchezea picha isiwe na pesa ndani yake, wala njia ya kukopa.

Sitakudanganya kwamba mchezo huu ni dawa. Ushahidi wake bado ni haba, nao hauchukui nafasi ya mazoezi ya viungo wala ya wataalamu wanaomfunza mgonjwa kurejelea shughuli za kila siku. Waonyeshe hizo picha mnapokwenda kliniki, kwani huonyesha mengi ambayo mgonjwa hawezi kuyaeleza.

Lakini iwapo maumivu ya kichwa yanazidi, anatapika mara kwa mara, anasinzia isivyo kawaida, anapatwa na degedege, au mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, weka simu kando na umkimbize hospitalini mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane.