KUVU YA MAHINDI NA UKUAJI WA WATOTO UFIPA

Wananchi wanakumbushwa kuwa wingi wa chakula peke yake si kinga ya udumavu. Mkoa wa Rukwa ni ghala la mahindi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Mbali na mlo usio kamili na maradhi, wataalamu huishuku pia sumukuvu, itokanayo na kuvu ya mahindi na karanga zenye unyevu. Hudhaniwa kudhoofisha utumbo, mtoto asiongezeke uzito wala kimo. Kupika hakuiondoi; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Wakulima wa Sumbawanga na Uwanda wa Ufipa wanashauriwa kuanika mahindi juu ya turubai hadi yakauke barabara, na kutosaga punje zilizoota kuvu kwa uji wa mtoto.