Chumvi na Wapambe Wake

Msomaji mmoja wa Kigamboni ameuliza swali nililokuwa nikilitamani muda mrefu. Anafuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo la lita 200. Maji yake ni ya kisima, yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, na tetra anaowanunua hawamalizi wiki. Muuzaji wa samaki amemshauri afunge mashine ya RO. Je, anaweza kuiunganisha moja kwa moja na simtanki iliyoko juu ya mnara nyuma ya nyumba?

Simtanki tutaifikia. Habari za vichujio vya mashine hiyo, cha tope na cha mkaa, naziruka. Fundi bomba yeyote atazimaliza kabla chai haijapoa. Shika hili tu: kama maji yako yametiwa klorini, usikose mkaa, kwa kuwa klorini huula utando. Na huo utando ndio ulionifanya nishike kalamu.

Ni karatasi ya plastiki iliyoviringishwa ndani ya mtungi. Upande unaofanya kazi ni tabaka la poliamidi lenye unene wa mikromita 0.1 hadi 0.2, unywele wako unaushinda mara mia kadhaa. Wauzaji huuita kichujio, nami sikubali. Kichujio huzuia kikubwa kikapitisha kidogo. Hapa, molekuli ya maji ina upana wa nanomita 0.28 hivi, ilhali ayoni ya sodiamu, iliyo sehemu ya chumvi, ina kama nanomita 0.2. Chumvi ni ndogo kuliko maji! Ingekuwa ni suala la matundu tu, sodiamu ingetangulia kupita. Basi tuuite utando, na kazi yake, hiyo RO ya muuzaji, tuiite osmosisi geuzi. Najua wapo wanaopenda “osmosisi kinyume”, lakini kinyume kinasikika kama kosa, ilhali hapa kuna mtu aliyekusudia kugeuza.

Kwa nini basi sodiamu inabaki nje? Mfikirie bi harusi. Yeye mwenyewe ni mwembamba, mlango wowote angepita. Lakini hatembei peke yake. Ayoni ya sodiamu ina chaji, na molekuli za maji zinaipenda chaji hiyo. Tano au sita zinaizunguka, kila moja imeielekezea upande wake wa oksijeni. Hao ni wapambe: huyu kashika shela, yule maua, mwingine anapepea. Msafara mzima una upana wa nanomita 0.7 hivi, na nafasi zilizomo kwenye poliamidi hazifiki hapo. Bi harusi angeweza kuwaacha wapambe nje akaingia mwenyewe, ila kuwabandua kunadai nishati nyingi mno, na ndani ya plastiki hapati wa kushika nafasi zao. Magnesiamu ndiyo kabisa: ina chaji mara mbili, na wapambe wake sita wameng’ang’ania. Maji, mgeni asiye na msafara, yanajipenyeza. Hata mzamiaji hakosekani kwenye harusi hii: kabonidayoksaidi haina chaji, hivyo haina wapambe, na inapita mlangoni kana kwamba ina kadi ya mwaliko. Ndiyo maana maji yanayotoka huelekea kuwa na uasidi kidogo.

Sasa simtanki. Kwa kawaida maji hupita kwenye utando kuelekea upande wenye chumvi. Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliliona hilo mwaka 1748 kwa kibofu cha nguruwe. Ili kuyageuza, lazima usukume kwa kanieneo inayozidi mvuto huo. Kwa maji ya bahari mvuto huo ni takriban baa 27 (si baa za vinywaji, baa moja ni uzito wa maji yaliyosimama mita 10). Kwa kisima chenye gramu moja ya chumvi kwa lita ni karibu baa 0.8. Mnara wa mita nne unakupa baa 0.4. Hesabu imeisha: hutapata hata tone la maji safi. Mashine hizi za nyumbani hutaka baa 3.5 hadi 4, kwa hiyo pampu ndogo ya kuongeza nguvu ni ya lazima. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, waliotengeneza utando wa kwanza wenye manufaa huko Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuelekea mwaka 1960, walitegemea pampu vilevile.

Utando mzuri huzuia asilimia 95 au zaidi ya chumvi. Kwa kila lita moja safi, lita tatu au nne huenda kwenye bomba la maji taka. Yapigie deki, usimwagilie mchicha. Maji ya saa ya kwanza yamwage. Na usimtie samaki kwenye maji matupu yaliyotoka hivi punde: changanya na ya kisima kidogo, au ongeza madini, la sivyo pH itayumba.

Kabla ya kutoa hela, hata hivyo, tazama samaki wenyewe. Tetra na diskasi ni wa Amazon, wanataka maji laini. Samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na hao wanatoka Kigoma, si ng’ambo ya bahari. Chumvi ya kisima cha pwani si sawa na madini ya ziwa lile, lakini safari ya kuyarekebisha maji yako ni fupi zaidi.

Kwa tangi moja la lita 200, ningeanza na maji ya mvua ya masika, baada ya mvua za mwanzo kuosha bati. Yakikuishia kiangazi, nunua mashine pamoja na pampu yake, na kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini), kile kinachofanana na kalamu. Pima kisima leo, msomaji, kisha nitumie namba uliyoipata.