Kilosa na Mikumi zinastahili kombe lao

Timu ya Mikumi ikipangiwa kucheza ugenini Kilosa mjini, kikao cha viongozi hakianzi na kikosi wala mfumo. Kinaanza na nauli. Miji yote miwili ni ya wilaya moja, lakini kati yake kuna kilometa 70 hivi za barabara inayopita Ulaya, na masika yakikolea dereva huipandisha bei safari hiyo kabla hata hajaulizwa. Mwenye gari anataka hela ya mafuta mkononi. Waamuzi wanasubiri posho. Wachezaji, ambao wengine wameacha bodaboda, shamba la mahindi au kibarua cha miwa upande wa Kidodi na Ruhembe, hawawezi kucheza dakika 90 na njaa.

Ligi ya nyumbani na ugenini huzidisha mzigo huo maradufu, ndiyo maana mashindano mengi ya ngazi za chini huchezwa kwa vituo. Timu zinakusanywa mahali pamoja, zinamalizana kwa siku chache, na zilizotolewa zinarudi nyumbani kuusubiri mwaka mwingine. Kijana wa miaka 19 aliyejifua kuanzia Januari anaweza kumaliza msimu wake wote wa mashindano rasmi akiwa na mechi chache za kuhesabika.

Pengo hilo wananchi wamelijaza wenyewe kwa ndondo. Mistari ya uwanja inachorwa kwa chokaa au majivu, kamba inazungushwa ili kiingilio kipatikane, na mbuzi wa bingwa anafungwa pembeni ambako kila mtu anamwona. Timu inayofungwa inatoka. Kwa sababu hakuna mechi ya marudiano, kila timu hutafuta mamluki: winga wa kijiji jirani, au kipa aliyewahi kucheza daraja la juu na sasa amerudi kulima. Jua likikaribia kuzama bila bao, watu wanajua penalti zinakuja na wanauvamia upande wa goli, hadi mwamuzi anasimamisha mchezo kuwarudisha nyuma. Uhondo wake ni wa kweli, na vipaji vinaonekana. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Matokeo hayaandikwi popote, mchezaji hana leseni, na bingwa akishamchinja mbuzi hana ngazi nyingine ya kupanda.

Nguvu ya mtoano rasmi kwa timu ndogo Tanzania imeshaiona. Kombe la Shirikisho lilirejea msimu wa 2015/16 kwa udhamini wa Azam, na tangu 2023/24 limekuwa likibeba jina la Benki ya CRDB. Mshindi wake huiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Desemba 22, 2017, Green Warriors, timu iliyokuwa Ligi Daraja la Pili, iliivaa Simba pale Chamazi. Simba ndiyo iliyokuwa ikilitetea kombe. Mechi iliisha 1-1, Green Warriors wakashinda kwa penalti 4-3, na kocha wa Simba, Joseph Omog, akapoteza kazi. Simba hiyohiyo ilimaliza msimu ikiwa bingwa wa Ligi Kuu. Katika ligi ya mechi 30 kikosi cha daraja la pili kingeachwa mbali mno. Kwenye mtoano kilihitaji jioni moja tu.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 26, 2018, ikawa zamu ya Mashujaa ya Kigoma, iliyoshinda 3-2 Dar es Salaam, dhidi ya Simba tena. Mashujaa haikuwa Ligi Kuu wakati huo. Ilipanda mwaka 2023, na Aprili 2024 iliitoa Simba kwenye kombe hilohilo kwa penalti, safari hii Kigoma, mbele ya watu wake. Ushindi wa 2018 haukuipandisha daraja, lakini ulionyesha kwamba timu hiyo inafaa kuungwa mkono.

Morogoro, mkoa wa Kilosa na Mikumi, nayo ina historia ya kujivunia. Mseto walitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, wilaya ya jirani ya Mvomero, ilibeba ubingwa wa ligi mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, kisha ikalitwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2018 kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Ukiitazama ramani, Turiani si mji mkubwa kuliko Kilosa. Tofauti ni kiwanda: mishahara, basi, uwanja wa Manungu. Timu isiyo na kiwanda inaishi kwa michango ya wafanyabiashara wa stendi na ahadi za wanasiasa, na ahadi hizo huiva zaidi uchaguzi unapokaribia.

Hapo ndipo kombe la madaraja ya chini pekee lingefaa. Uingereza inalo tangu 1974, FA Vase, ambapo timu za mitaani hukutana na wa saizi yao na fainali huchezwa Wembley. Ufaransa ina utaratibu mwingine mzuri: katika kombe lao la taifa, timu iliyo chini kwa madaraja mawili au zaidi hupewa uenyeji. Mwaka 2000 Calais, timu ya ridhaa ya daraja la nne, ilifika fainali na kufungwa na Nantes 2-1.

Kwa Morogoro, kombe kama hilo lingeweza kuanzia wilayani: Kimamba dhidi ya Rudewa, Ruaha dhidi ya Kidodi, majirani kwanza ili nauli iwe ndogo, halafu washindi wa kila ukanda wakutane, na aliye daraja la chini awe mwenyeji. Chama cha mkoa kingetoa leseni na waamuzi, na bingwa akapewa nafasi katika raundi za awali za Kombe la Shirikisho. Kiingilio cha mechi moja kali ya Jumapili mjini Mikumi, ambako malori ya Zambia na mabasi ya Mbeya hupita usiku na mchana, kingeweza kulipa safari ya raundi inayofuata.

Tena wageni wa mbali sasa wanafikika kirahisi. Treni ya SGR iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 inasimama Kilosa, kwa hiyo timu ya Dar es Salaam inaweza kuja asubuhi, icheze, kisha irudi. Mikumi iko kwenye barabara kuu. Miji hii miwili leo inafikika kwa urahisi zaidi kutoka Dar es Salaam kuliko unavyoweza kutoka mmoja kwenda mwingine, na ratiba yoyote ya kombe hilo italazimika kuanza na kilometa hizo 70.