Dirisha la Kuchora Ukutani

Nyumba nyingi zina chumba kimoja kidogo chenye giza. Mwezi huu tuzungumzie michoro ya kiinimacho, yaani picha inayochorwa ukutani kwa ustadi hata jicho likadhani ni dirisha, mlango au rafu ya vitabu. Jina lisikutishe. Haya si mazingaombwe, ni brashi na rangi tu.

Sanaa hii ni ya kale. Huko Italia, katika nyumba zilizofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 B.K., kuta zilichorwa nguzo na bustani. Mjini Roma, kanisa la Mtakatifu Ignasio halina kuba, lakini mwaka 1685 Bruda Andrea Pozzo, Mjesuiti, aliichora kwenye kitambaa kikubwa kilichowekwa darini. Sakafuni kuna alama. Ukisimama hapo, unaona kuba ya kweli. Ukisogea mbali, inapinda.

Hapo tunajifunza kanuni ya kwanza: amua mtazamaji atakaa wapi. Mstari wa upeo wa macho uwe sawa na macho yake. Vitu vya mbali vichorwe vidogo na kwa rangi iliyofifia. Vivuli vyote viangukie upande mmoja, kufuatana na mwanga halisi wa chumba. Dukani, ulizia rangi isiyo na madini ya risasi, kwani hudhuru ubongo wa watoto. Usichore shimo wala ngazi sakafuni. Mzee asiyeona vizuri anaweza kujikwaa.

Mama mkwe wangu alipopooza miguu, tulimlaza chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Kijana mmoja wa kwaya alituchorea dirisha lenye migomba na kilima. Tulipima kutoka kitandani kwake, si kutoka niliposimama mimi. Mama alifurahi, na kila mgeni alionyeshwa.

Baada ya siku chache aliniambia kwa upole, "Mama Neema, dirisha lako ni zuri, ila halileti upepo."

Niliona aibu. Mimi muuguzi, ninayewahimiza wagonjwa wafungue madirisha kwa sababu hewa iliyotuama husaidia kifua kikuu kuenea, nilikuwa nimempamba mgonjwa wangu badala ya kumhudumia! Nilizungumza na mume wangu, na fedha tulizoweka kwa ajili ya makochi zikamlipa fundi. Ukuta wa pili ulitobolewa, likawekwa dirisha lenye wavu wa mbu.

Mchoro haukufutwa. Mama aliupenda mpaka mwisho wa maisha yake.

Mama mwenzangu, pamba nyumba yako, maana uzuri ni zawadi ya Mungu. Lakini kabla ya kununua rangi, keti kwanza mahali anapokaa yule unayempambia, umwulize anahitaji nini.